Linki ya rejea ikifa, mwongozo wa kazi unabaki na nini?

Fungua mwongozo wowote wa kazi ulioandikwa ofisini kwenu miaka mitano au sita iliyopita. Uwe wa maabara, wa famasi, wa mhasibu, vyovyote. Tafuta yale maandishi ya bluu yaliyopigwa mstari, halafu bonyeza moja baada ya jingine. Ukifika mwisho bila kukutana na 404, ofisi yenu ina mtu makini sana na anastahili kupandishwa cheo.

Tatizo hili limepimwa. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilitoa matokeo mwaka 2024: kati ya kurasa za wavuti zilizokuwepo mwaka 2013, 38% hazikufunguka tena miaka kumi baadaye. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza, 54% ya kurasa zilikuwa na angalau linki moja iliyokufa katika marejeo yake. Hata mahakama haijapona. Jonathan Zittrain, Kendra Albert na Lawrence Lessig walionyesha mwaka 2014 kwamba karibu nusu ya linki zilizotajwa katika hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani hazikuwa zinampeleka msomaji kwenye kile jaji alichokikusudia. Kuna moja, katika hukumu ya mwaka 2011 kuhusu michezo ya video yenye ukatili, ambayo ilikuja kufungua ukurasa uliowekwa na mtu baki kwa makusudi, wa kuwakejeli waliotaja rejea ya namna hiyo.

Kwa nini inatokea? Kwa sababu linki ya kawaida haitaji kitu, inataja mahali. Ni kama kumwelekeza mgeni: shuka kituoni, pita duka la Mangi, kata kushoto penye mwembe. Maelekezo ni sahihi kabisa mpaka mwembe ukatwe. Sehemu ya kwanza ya anwani ni jina la kikoa, ambalo hulipiwa na likiisha muda linaweza kununuliwa na yeyote. Inayofuata ni njia ya kufikia faili ndani ya seva. Fundi akipanga upya tovuti, faili lenyewe linaweza kuwa bado lipo, ila njia ndiyo imekufa.

Na taasisi nazo hubadilika. Hapa Tanzania, TFDA iligeuka kuwa TMDA mwaka 2019, na kazi za chakula na vipodozi zikahamia TBS. Fikiria sasa kiwanda kidogo cha kusindika juisi ambacho mwongozo wake wa usafi ulielekeza kwenye tovuti ya TFDA. Hapo si jina tu limebadilika. Mwenye nyaraka ni mwingine, jukumu ni la mwingine, na kumfuata TMDA kwa jina jipya hakutakupa unachotafuta. Yeyote aliyekuwa akishughulika na SUMATRA kabla haijagawanyika kuwa LATRA na TASAC anaielewa hadithi hii.

Lakini linki iliyokufa angalau inajionyesha. Inayoniogopesha zaidi ni ile inayofunguka vizuri huku kilichomo kimebadilika kimyakimya. Chukua tiba ya malaria. Tanzania Bara iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza mwaka 2001 ikaingia SP, na mwishoni mwa 2006 ikaja dawa mseto, ALu. Kama kituo cha afya kina linki moja tu iliyoandikwa "mwongozo wa malaria", bila toleo wala mwaka, mtumishi hajui anasoma sera ya lini. Anayetibu leo anahitaji toleo jipya kuliko yote. Anayekagua jalada la mgonjwa wa miaka iliyopita anahitaji lile lililotumika siku ile. Hayo ni mahitaji mawili tofauti, na linki moja haiwezi kuyabeba yote.

Wachapishaji wa majarida ya kisayansi walishakutana na tatizo hili, wakaja na DOI, ile namba inayoanza na 10 na kufuatiwa na nukta. Wazo lake ni rahisi: kipe kitu jina, halafu weka daftari linalosema jina hilo kwa sasa linaishi wapi. Makala ikihamishwa, mchapishaji anarekebisha daftari, na wewe uliyenukuu DOI huna unachobadilisha. Ni sawa na namba ya simu: ukihama kutoka Mbagala kwenda Mwanza, anayekupigia bado anakupata. Ila hakuna muujiza hapo, mchapishaji akizembea kurekebisha daftari, DOI nayo inakwama.

Wazo hilohilo unaweza kulifanyia kazi ofisini bila kumlipa mtu. Usimwage linki ndani ya kila waraka. Weka jedwali moja, hata la Excel, kila rejea ipate namba yake, mfano R-014, na miongozo yote iandike R-014 tu. Anwani ikibadilika unarekebisha mstari mmoja badala ya kusaka nyaraka arobaini. Kwenye mstari huo andika jina kamili la waraka, taasisi iliyoutoa, toleo na mwaka, tarehe uliyoukagua, mahali ilipo nakala, na jina la mtu anayewajibika. Hilo la mwisho ndilo watu huliruka, na ndilo linaloua jedwali. Kitu cha wote hakina mwenyewe.

Kukagua kunaweza kufanywa na programu. Inaiuliza seva, nayo inajibu kwa namba: 200 ukurasa upo, 301 umehama moja kwa moja, 404 haujaonekana, 410 umeondolewa na usiutarajie. Shida ni kwamba seva nyingine zinadanganya: zinajibu 200 huku ukurasa ukisema "samahani", au zinakurusha ukurasa wa mwanzo kana kwamba mambo ni shwari. Nyingine huikatalia programu kwa 403 lakini wewe mwenyewe ukifungua inakubali. Kwa hiyo rejea zinazogusa usalama wa watu azifungue mtu kwa macho yake.

Linki fupi usiweke kabisa. Google iliacha kutengeneza mpya za goo.gl mwaka 2019, ikatangaza kuzizima Agosti 2025, na ilipokaribia tarehe ikalegeza kwa zile zinazotumika bado. Hiyo si hali ya kuitegemea.

Kuhusu nakala, Wayback Machine ya Internet Archive inakuruhusu kuhifadhi ukurasa wa umma bure, na anwani unayopata ina tarimu 14 zinazoonyesha mwaka hadi sekunde ya kuhifadhiwa. Kwa rejea ya "wakati ule" ni dawa nzuri. Usipeleke huko linki ya faili la ndani ya ofisi, maana utakachohifadhi kitaonekana na dunia nzima. Na viwango vya kununua, kama vya ISO, vina masharti ya leseni. Soma kwanza kabla hujanakili PDF kwenye seva ya ofisi, kisha kwenye jedwali andika nani anayo nakala halali na iko kabati gani.