Kwa nini ndege zote zisipae wima?

Kila tukizungumzia uwanja wa ndege wa Msalato hapa Dodoma, wenye njia ya kurukia ya mita 3,600, msikilizaji hutuuliza: kwani hakuna ndege inayopaa pale pale iliposimama kama helikopta, halafu ikaenda kasi kama jeti? Si ingetua hata kwenye kiwanja cha shule?

Ipo, na umri wake ni zaidi ya miaka 60. Waingereza waliianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa hofu ya vita: adui akipiga bomu njia ya kurukia, ndege zote zinabaki chini. Mhandisi Mfaransa, Michel Wibault, alikuja na wazo la kuielekeza chini nguvu ya injini. Kiwanda cha Hawker kikaunda ndege ya P.1127, yenye injini moja na midomo minne ya kutolea hewa. Midomo ikitazama chini, ndege inanyanyuka. Ikigeuzwa nyuma, inakwenda mbele.

Oktoba 1960 rubani Bill Bedford aliinyanyua mara ya kwanza, ndege ikiwa imefungwa kamba kama mbuzi, naye mguu wake ukiwa kwenye hogo baada ya ajali ya gari. Lakini kunyanyuka ni nusu ya kazi. Ndege ikisimama hewani, mabawa hayabebi kitu. Uzito wote ni wa injini. Ilichukua karibu mwaka mzima, hadi Septemba 1961, kupaa wima, kukaza mwendo mpaka mabawa yabebe, kisha kurudi kutua wima. Mwaka 1969 ikaingia jeshini kwa jina la Harrier.

Na jibu la swali liko hapo hapo kwenye uzito. Kupaa wima kunakula mafuta mengi na kunapunguza mzigo, hivyo hata wanajeshi mara nyingi waliikimbiza kidogo kwanza. Kwa vumbi letu la Dodoma, kokoto zingeishia ndani ya injini.

Wazo lenyewe limeshafika Tanzania kwa umbo dogo. Mwaka 2018 ndege isiyo na rubani ya Wingcopter, ya Ujerumani, ilijaribiwa kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40 hivi. Inapaa wima, kisha mapangaboi yake yanalala kuelekea mbele. Mzigo wake ni kama kilo 4. Kwa zahanati iliyoishiwa dawa, hizo si haba. Mgonjwa mwenyewe bado anasubiri gari.