Maji ya Ubatizo na Upanga

Tutokapo Marikiti kununua viungo, si mwendo mrefu kufika Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593.

Yusuf bin Hasan alikuwa mtoto bado wakati baba yake, Sultani wa Mombasa, alipouawa mwaka 1614 kwa njama za Wareno. Kijana akapelekwa Goa, akalelewa na watawa wa Mtakatifu Augustino, akabatizwa kwa jina la Jerónimo. Akarudishwa kutawala, lakini uchungu wa baba yake haukuondolewa na maji ya ubatizo. Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamwua kapteni, akarudia Uislamu. Mapadre na waumini, Wareno na Waafrika, wakauawa.

Hatuihalalishi damu ile. Lakini tujiulize: mkono uliomwua baba ungewezaje kumwonyesha mwana upendo wa Kristo? Bwana alimwamuru Petro aurudishe upanga alani mwake.

Basi kesho sokoni, jirani yetu Mwislamu na aione Injili katika mizani yetu tuuzapo, na katika ulimi wetu tununuapo. Tena kama tumemkosea, tutubu kwanza, ndipo tuhubiri. Amina.