KIBINDO, WALETI NA POCHI

Watu wengi husema kwamba waleti na pochi ni kitu kimoja. Sivyo. Kila kimoja kina kazi yake, na sisi wa bweni, tunaokabidhiwa nauli na wazazi wetu, yatupasa kujua tofauti hiyo.

Kibindo ndicho cha zamani kuliko vyote. Ni mkunjo wa kikoi au msuli kiunoni, ambamo mwanamume hutia fedha kisha akaukaza. Wanawake nao hufunga fedha katika pindo la kanga. Desturi hii ilifaa sana wakati wa sarafu, maana jasho haliziharibu. Lakini kibindo hakikutosha mali nyingi. Reali ya Maria Theresa, iliyotumika katika pwani yetu karne ya 19, ilikuwa na uzito wa gramu 28 hivi. Basi reali 100 zilikaribia kilo tatu! Mali kama hiyo ilihitaji mfuko au kasha.

Mwaka 1905, chini ya utawala wa Wajerumani, Deutsch-Ostafrikanische Bank ilianza kutoa noti za rupia. Fedha ikawa nyepesi, lakini noti huogopa maji na jasho, hivyo yahitaji kulindwa.

Waleti ni ngozi nyembamba ikunjwayo katikati. Noti hukaa ndani ya mkunjo, na kando mna vijifuko vya kitambulisho na kadi. Hutoshea mfukoni mwa suruali. Upungufu wake ni sarafu: ukizijaza humo ngozi hufutuka na nyuzi huachia.

Pochi ina zipu au kifungo, na vyumba kadhaa vya sarafu, funguo na hata simu. Wenzetu wa Kenya huiita kibeti. Ubaya wake ni kwamba hushikwa mkononi au kwapani. Anayeipora amechukua vyote pamoja.

Mama yangu huuza samaki wa kukaanga Kunduchi, naye hutumia njia mbili. Chenji huiweka katika pochi, maana wateja hawapendi kungoja. Noti za mtaji huzitia katika mfuko mdogo wa nailoni, akazifunga katika pindo la kanga ya ndani. Alinieleza kwamba mwizi wa pochi atachukua faida ya siku moja tu, lakini mtaji ukipotea, kesho hakuna samaki wa kununua, wala nauli yangu ya kurudi shuleni.

Siku hizi fedha hukaa hata katika simu, na namba ya siri ndiyo kufuli yake. Hata hivyo simu huzimika, na kondakta hangoji.

Basi, ndugu zangu, likizo inakaribia. Nauli ya basi iwe karibu na mkono, na zilizobaki zikae mbali na macho ya watu. Tusiweke zote mahali pamoja, maana aliyetupa amezitolea jasho.