Je, mwimbaji naye hustaafu?



Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwa barabara kwenda Kanda ya Ziwa, akishaipita Nzega, hufika mahali panapoitwa Tinde. Hapo njia hugawanyika. Mkono wa kulia unakwenda Shinyanga mjini na Mwanza. Mkono wa kushoto unakwenda Isaka na Kahama, na kutoka huko mtu akitaka ataingia kwenye nchi ya dhahabu mpaka Geita, au ataendelea na malori mpaka Rwanda na Burundi. Tinde si mji mkubwa, lakini kila anayekwenda huko lazima aione. Mabasi yameiona, malori yameiona, na mabasi madogo yaliyobeba magitaa, ngoma na spika za bendi za muziki nayo yameiona sana.

Nilikuwa hapo njia panda nikisubiri usafiri, nimekaa kibandani kwa mama lishe mmoja na kikombe changu cha chai. Redio yake ikapiga wimbo wa zamani wa Msondo, na ndani yake sauti nzito ya marehemu Muhidin Maalim Gurumo. Kijana wa bodaboda aliyekuwa amekaa karibu yangu akatikisa kichwa, akasema: "Huyu mzee naye! Aliimba mpaka uzeeni. Kwa nini hakukaa nyumbani akapumzika na wajukuu?"

Fundi cherehani mmoja, mzee wa makamo ya kuheshimika, akaweka kikombe chake chini. "Mwanangu," akamwambia, "ungemuuliza kwanza kama hapo nyumbani palikuwa na cha kuwalisha hao wajukuu."

Kijana hakukubali kushindwa kirahisi. Akasema, "Mzee wangu, mimi simtukani. Lakini nikilipa kiingilio nataka mtu anayeweza kucheza, si mtu anayeimba amekaa kwenye kiti." Mama lishe akadakia kutoka jikoni kwamba yeye akienda kwenye muziki huenda kusikiliza, na sauti haina miguu. Ubishi ukawaka hadi basi langu lilipofika. Nikapanda, lakini ubishi ule nikaondoka nao, na leo nataka tuufumue pamoja.

Hebu tuanze na mwenyewe aliyekuwa anabishaniwa. Gurumo alizaliwa mwaka 1940 huko Kisarawe, mkoani Pwani. Mwaka 1964 alikuwa miongoni mwa wanamuziki wa mwanzo wa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ambayo baadaye iliitwa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Mwaka 1978 alitoka akashiriki kuanzisha Mlimani Park, ile ambayo mashabiki wake wanaiita Sikinde. Huko sauti yake nzito ilikutana na sauti nyembamba ya Hassan Rehani Bitchuka, na wapenzi wa dansi wa rika lile hawahitaji maelezo zaidi. Mwaka 1985 alihamia Orchestra Safari Sound, kisha akarejea nyumbani kwake Msondo. Mwaka 2013, baada ya zaidi ya miaka 50 ya kuimba na afya ikiwa imeshatetereka, akatangaza kustaafu. Alipoaga alieleza hadharani kwamba miaka yote hiyo haikumwezesha kumiliki hata gari. Mwaka huohuo Nasibu Abdul, yaani Diamond Platnumz, kijana aliyezaliwa mwaka 1989 wakati Gurumo amekwisha kuimba robo karne, akamzawadia gari. Tarehe 13 Aprili 2014 mzee akafariki dunia.

Zawadi ile ilikuwa tendo la heshima, na aliyeitoa anastahili shukrani. Lakini zawadi ni hisani, na hisani si haki. Fundi aliyefanya kazi miaka 50 hapaswi kungoja mtoto wa mwenzake amhurumie. Kwa hiyo swali la kijana wa Tinde, kwamba kwa nini mzee hakupumzika, lina maswali mawili ndani yake, na kosa letu ni kuyachanganya. Swali la kwanza ni hili: je, bado anaweza? Hilo ni la masikio yetu. Swali la pili ni hili: je, anaweza kuacha? Hilo ni la mfuko wake na la sheria zetu. Tunapoyachanganya, tunamlaumu mzee kwa umri wake, na hakuna mtu aliyewahi kuuchagua umri.

Tuchukue la kwanza. Ni kweli kwamba sauti huzeeka. Nyuzi za sauti zilizomo kooni hupungukiwa ulaini kadiri miaka inavyokwenda, na mapafu hayashiki tena pumzi ndefu kama zamani. Mwimbaji aliyekuwa akipanda juu bila taabu hulazimika kuwaomba wapiga magitaa washushe ufunguo wa wimbo. Lakini mwimbaji mwenye akili hujifunza namna nyingine. Anakata sentensi mapema, anaachia waitikiaji pale pagumu, anauchagua wakati wa kuingia. Kile anachokipoteza katika nguvu anakipata katika maana. Maneno ya ndoa, ya deni au ya msiba yakiimbwa na mtu aliyeyapitia huingia kwa msikilizaji kwa njia ambayo kijana wa miaka 20, hata awe na sauti ya dhahabu, hana budi kuisubiri.

Mfano tunao hapa nyumbani. Fatuma binti Baraka, Bi Kidude wa Zanzibar, hakuna aliyekuwa na hakika ya mwaka wake wa kuzaliwa, ila ilijulikana kwamba alikuwa bibi wa siku nyingi. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, inayotolewa na maonyesho makubwa ya muziki wa dunia. Alisafiri Ulaya na Asia akiimba kwa sauti iliyokwaruza kama jiwe la kusagia, na watu walilipa kuisikia sauti hiyohiyo. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Kama tungemwambia akae ndani alipofikisha miaka 60, dunia isingelijua jina lake.

Huko Cuba nako, Ibrahim Ferrer, aliyezaliwa mwaka 1927, alikuwa amekwisha kuacha kuimba na anang'arisha viatu vya watu alipoitwa studio mwaka 1996 kurekodi na wazee wenzake. Santuri yao, Buena Vista Social Club, ilizunguka dunia nzima. Mwaka 2000 akapewa tuzo ya Latin Grammy ya msanii mpya, naye umri wake umepita miaka 70! Na Mick Jagger wa The Rolling Stones, aliyezaliwa mwaka 1943, alizunguka Marekani mwaka 2024 akiruka jukwaani na miaka yake 80. Tofauti ni kwamba yeye anaimba kwa kupenda. Akitaka kesho aache, nyumba yake haitaanguka.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Katika Usukuma hiihii ilimo Tinde, ngoma za mashindano baina ya Bagika na Bagalu zina desturi yake. Mavuno yakiisha, makundi mawili hucheza yakiwa yametazamana, kila moja na ningi wake, yaani mtunzi na kiongozi wa wimbo. Mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Hakuna anayesimama mlangoni kuuliza cheti cha kuzaliwa. Ningi akiwa kijana na wimbo wake ni mbovu, watu humkimbia. Akiwa mzee na wimbo wake una moto, watu humwendea. Hiyo ndiyo hukumu ya haki: wimbo unahukumiwa, miaka haihukumiwi.

Sasa lugha yetu ya mjini nayo tuiangalie. Nyimbo hizi tunaziita zilipendwa. Tazama hiyo "li" iliyomo katikati: zilipendwa, basi, yamekwisha. Tunalitumia neno hilo hata kwa wimbo ambao mtunzi wake yu hai, jioni anapanda jukwaani kuuimba, na ukumbi mzima unauitikia. Mtu unampigia makofi na papo hapo unamwandikia wakati uliopita. Ubaguzi wa umri mara nyingi huja hivyo, bila matusi, kwa neno dogo la mapenzi.

Hata hivyo, kijana wa bodaboda nisimnyime haki yake. Naye ana hoja. Zipo bendi zinazorudia nyimbo zilezile kila wiki bila kutunga mpya. Wapo wakongwe wanaoshika kipaza sauti kama urithi wa ukoo, kijana mwenye kipaji akaitikia nyuma miaka kumi mpaka akakata tamaa. Na anayelipa kiingilio anayo haki ya kupata muziki wa kiwango, awe anaimba babu au mjukuu. Heshima ya uzee haimaanishi kusifia wimbo mbovu. Bendi ya wazee watupu itakufa nao, na bendi inayowafukuza wazee wake itasahau ilikotoka.

Tuje kwenye swali la pili, la kuweza kuacha. Enzi za mashirika, mwanamuziki wa dansi alikuwa mwajiriwa. Vyombo ni vya shirika, na yeye hupata mshahara. Bendi zilirekodi nyimbo zake katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo leo ni sehemu ya TBC, na redio ikazipiga nchi nzima. Sifa ilifika Tinde, Kahama na Geita kabla ya mwimbaji mwenyewe. Lakini sifa hailipi kodi ya nyumba. Kipato cha ziada kilitoka safarini. Bendi zilikuwa zikiulenga msimu wa pamba, wakati mkulima wa Usukuma ana fedha mkononi, zikapiga mji hadi mji. Baadaye ikawa dhahabu: mgodi wa Geita ulipoanza kazi mwaka 2000 na wa Bulyanhulu mwaka 2001, pamoja na maelfu ya wachimbaji wadogo, kumbi za huko zikawa na wateja.

Safari hizo si matembezi. Kutoka Dar es Salaam mpaka Tinde ni zaidi ya kilomita 900, na zamani sehemu kubwa ilikuwa vumbi na matope. Mtu hufika jioni, hupiga mpaka usiku wa manane, hulala kidogo, kisha huondoka. Kijana huyamudu hayo. Mzee wa miaka 70 mwenye maradhi ya kifua huyalipia kwa mwili wake. Kama anayafanya kwa kuwa anapenda, tumpe kiti na maji na tumsikilize. Kama anayafanya kwa kuwa asipoimba hali, basi sisi tulioufurahia ujana wake tuna deni.

Deni hilo linalipika. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 ndiyo iliyoleta chombo kiitwacho COSOTA, na inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Maana yake, tungo za Gurumo zina mwenyewe kisheria mpaka mwisho wa mwaka 2064. Ukumbi, basi, hoteli au kituo cha redio kinachojipatia riziki kwa kupiga wimbo wa mtu kinapaswa kumlipa mrabaha. Mrabaha si sadaka. Ni kama kodi ya nyumba: anayekaa ndani humlipa aliyeijenga, hata kama aliyeijenga sasa hana nguvu za kubeba tofali.

Na wanamuziki nao wajisaidie. Mtunzi asiyesajili kazi zake huwaachia watoto wake ugomvi. Mfuko wa NSSF, uliorithi kazi za NPF kwa sheria ya mwaka 1997, hupokea pia watu waliojiajiri. Kijana anayetamba leo na kulipwa kwa shoo moja fedha ambazo Gurumo hakuziona kwa mwaka, aweke akiba angali na pumzi. Umaarufu ni kama mvua ya Shinyanga: ikinyesha, kinga.

Msikilizaji, nikirudi Tinde na kumkuta yule kijana, nitamwambia hivi. Mwanangu, usiulize kwa nini mzee anaimba. Sikiliza kwanza. Akiimba vizuri, lipa na ucheze. Akiimba vibaya, sema wimbo ni mbaya, usiseme ni mzee. Kisha uliza kama wimbo wake unaopigwa kibandani hapa umempatia senti moja. Hata wewe pikipiki hiyo hutaiendesha milele. Iko siku mgongo utakataa, na utatamani ukipumzika iwe kwa hiari yako.

Wahenga walinena kwamba ujana ni moshi, ukienda haurudi. Uliobaki ni moto, na moto wa mwimbaji unastahili kuni, iwe ni jukwaa kwa anayetaka kuendelea, iwe ni mrabaha kwa anayetaka kukaa chini.

Tukutane tena juma lijalo, Mungu akipenda.