Ukimaliza Kusoma, Kiache Mezani

Kuna tangazo moja maktabani kwetu ambalo wote tunaliona na wachache wanalitii. Limebandikwa mwanzo wa kila safu ya rafu: tafadhali usirudishe kitabu kwenye rafu, kiache mezani. Mwaka wa kwanza nilidhani ni ukarimu tu, kama mwenyeji anavyomwambia mgeni aache vyombo, vitaoshwa. Na sisi tuliolelewa tunajua kwamba ukiambiwa hivyo, unaviosha. Basi nikawa narudisha vitabu mwenyewe, tena kwa adabu zote.

Nimeandika makala hii kueleza kwa nini tangazo lile lipo, na pia kuungama kosa. Nimeiandika sasa kwa sababu mzee wa ghorofa ya pili, yule ambaye karibu wote tunamwita Babu, anastaafu mwisho wa mwezi huu wa sita. Anatimiza miaka 60, na mtumishi wa umma akifika hapo kisheria ndio basi. Nilimwomba nikae naye jioni tatu nione anafanya nini hasa. Alikubali kwa sharti moja: toroli nisukume mimi.

Kazi yake haianzi kwenye rafu, inaanza mezani. Saa kumi na moja jioni, wengi wetu tukiwa tumekimbilia foleni ya chakula, yeye anapita meza kwa meza akikusanya vilivyoachwa. Toroli likijaa hakimbilii kuvipanga. Anakaa kwenye kompyuta yake ile ya zamani na kuviskani kimoja kimoja. Nilimuuliza anaviskani vya nini wakati havijaazimwa na mtu.

"Ndiyo maana naviskani, binti," akaniambia. "Cha kuazima kinajulikana kaunta. Hiki kilichosomwa humu humu, nani atajua kimesomwa?"

Hapo ndipo nilipoelewa jambo la kwanza. Vitabu vingi tunavyovitegemea haviruhusiwi kutoka, au tunavisomea palepale kwa sababu vipo nakala moja au mbili. Alama pekee kwamba kimetumika ni kule kukutwa mezani. Ukifika wakati wa kuandaa orodha ya vitabu vya kununua, wanatazama vipi vimesomwa sana ili viombewe nakala za ziada. Sasa wewe umekisoma kitabu muhula mzima, kila siku unakirudisha mwenyewe kwenye rafu, halafu unalalamika kwenye kikao cha wanafunzi kwamba kozi ya watu mia ina nakala moja. Kwa kompyuta, kitabu hicho hakijawahi kuguswa. Ushahidi tumeufuta wenyewe.

Jambo la pili ni zile namba mgongoni mwa kitabu, ambazo nina hakika nusu ya darasa letu watamaliza digrii bila kuzielewa. Shuleni na kwenye maktaba nyingi za umma tumezoea mfumo wa Melvil Dewey, Mmarekani aliyeuchapisha 1876, ambao unagawa elimu yote kwa namba kuanzia 000 hadi 999. Maktaba yetu, kama za vyuo vikuu vingi, inatumia mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani, unaoanza na herufi. Sisi wa elimu tuko L. LA ni historia ya elimu, LB ni nadharia na ufundishaji. Saikolojia yenyewe iko BF. Lakini saikolojia ya elimu, ile tunayofanyia mtihani, haiko BF. Iko LB 1051, kwetu, ghorofa nyingine kabisa. Shika hilo, nitalirudia.

Namba inasomwa kwa vipande. LB kwanza, halafu 1051 kama namba ya kawaida. Baada ya hapo kuna nukta na herufi na tarakimu, mfano .M37, na hapa ndipo watu wanapotea. Tarakimu zinazofuata herufi hiyo ni desimali. Kwa hiyo .M37 inatangulia .M4, kwa sababu 0.37 ni ndogo kuliko 0.4. Babu anasema mtu aliyesoma hesabu na asiyesoma wote wanakosea hapo, tena aliyesoma anakosea akiwa na uhakika zaidi.

(Kama wewe ni wa Kiswahili, nenda PL 8701 hadi 8704. PL ni herufi za lugha za Asia ya Mashariki, Afrika na visiwa vya Pasifiki kwa pamoja, kwa hiyo Shaaban Robert anakaa mtaa mmoja na waandishi wa Japani, wakati fasihi ya Kiingereza imejengewa nyumba yake, PR. Kwa Dewey nako si nafuu: fasihi ya Kiingereza ni 820, ya Kiswahili ni 896.392. Waliopanga walikuwa mbali, wakapanga kwa jinsi walivyotuona kutoka huko. Siku moja mtu wa kwetu aandike makala ndefu juu ya hilo.)

Sasa ungamo. Mwaka jana, wiki mbili kabla ya UE, kitabu kimoja cha saikolojia ya elimu kilipotea. Mwalimu alikuwa ametupa sura nzima ya kusoma humo, na nakala ilikuwa moja. Kompyuta ikasema kipo. Rafuni hakipo. Tukauliza kaunta, wakatafuta, hakipo. Kwenye grupu la darasa ukawa msiba: kuna mtu kakiiba, kuna mtu kakificha ili apate A peke yake. Mwenzangu wa chumbani aliingia kwenye mtihani bila kuisoma ile sura, na swali likatoka humohumo. Akapata sapu. Usiku ule matokeo yalipotoka alimlaani aliyechukua kile kitabu, na mimi nikiwa nimekaa kitandani kwangu nikawa namwitikia. Mimi sura nilikuwa nimeshaisoma mapema.

Jioni ya pili na Babu, katika mazungumzo tu, akanisimulia vitabu alivyovipata likizo ndefu, wakati wanapopita rafu zote na kukagua namba moja moja. Kimoja alikikuta BF, katikati ya vitabu vya saikolojia, jalada la kijani lenye selotepu ya kahawia mgongoni. Nikanyamaza. Selotepu ile naijua. Siku ile nilikuwa nimekaa meza moja na rafiki yangu wa saikolojia, vitabu vyetu vimechanganyika, na nilipoondoka nikavibeba vyote nikaenda kuvipanga BF kwa sababu kichwa kilisema saikolojia. Nilikuwa namsaidia mzee kazi.

Nilimwambia kesho yake. Nilitegemea mahubiri. Akacheka mpaka akavua miwani.

"Nilijua ni mtu mwenye adabu," akasema. "Anayeficha hukilaza nyuma ya vingine. Hiki kilikuwa kimesimama wima, kimepangwa vizuri, mahali pasipo pake. Mwizi hapangi hivyo."

Kwa mwenzangu wa chumbani nimeungama pia. Hajacheka. Sapu aliifanya akafaulu, lakini wiki hii ananijibu kwa kifupi, na ni haki yake.

Kuficha nako kupo, tena kwingi, na hakufanani na kuiba. Anayeficha anataka kitabu kibaki ndani ya jengo ila kiwe chake peke yake mpaka mtihani upite. Wanavilaza nyuma ya rafu, wanavitia katikati ya majarida ya miaka ya zamani yaliyojaladiwa, wanavipeleka kwenye atlasi ambako hakuna anayekwenda. Baada ya UE mfichaji anasahau, na kitabu kinabaki huko kompyuta ikiendelea kusema kipo. Babu anazijua hizo sehemu. Amenionyesha baadhi na akaniapisha nisiziandike, akasema nikiziandika watahama. Kila muhula anapita huko kama mtu anayekagua mitego, na mengi tunayoyaita "kitabu kimerudi" ni mikono yake.

Habari za wafanyakazi wengine ni hizi. Dada wa kaunta ya usiku amejifungua mtoto wa kiume, wote wazima, na yuko likizo ya uzazi, kwa hiyo kaunta ya usiku inafungwa saa tatu badala ya saa nne. Tusiwagombeze waliobaki. Nafasi ya Babu bado haijatangazwa. Kwa sasa mama mmoja wa chumba cha kuorodhesha vitabu atakuwa anashuka ghorofa ya pili nusu siku, na nusu nyingine anabaki na kazi yake ya siku zote.

Chai ya kumuaga Babu ni Ijumaa ya wiki ya mwisho. Atakayependa kuchangia amwone mwakilishi wa darasa lake.

Nilipopita Jumatano niliwakuta yeye na yule mama wakitembea rafu kwa rafu, Babu akionyesha kwa kidole, mama akiandika kwenye daftari kubwa sehemu zote ambazo vitabu hufichwa na ambazo hukosewa mara kwa mara. Walikuwa wamefika H. Bado J, K, na sisi wa L, na zimebaki siku tisa za kazi.