Bingwa wa Sataranji Aliyetoka Punjab

Jioni, kazi zikisha, mtu apitaye Likoni, Kisauni au Changamwe huweza kuwakuta wazee na vijana wameinamia bao. Mchezo huo hawakuupata kitabuni. Waliuokota barazani kwa kuwatazama waliowatangulia. Ni rahisi basi kudhani kwamba sataranji, yenye kanuni zilizoandikwa na vitabu tele, ni mchezo wa watu wa vyuo tu. Habari za Mir Sultan Khan zaonyesha kwamba sivyo.

Bao na sataranji hazikupishana sana. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Ubao wa sataranji una vyumba 64, na wachezaji wawili huwa na vipande 32. Jina lenyewe la sataranji lilitoka Bara Hindi, likapita Uajemi na Uarabuni, hata likafika pwani hii.

Sultan Khan alizaliwa Punjab mwanzoni mwa karne ya 20, nchi hiyo ikiwa chini ya Waingereza. Baba yake alimfundisha kucheza kwa kanuni za Kihindi, ambazo haziruhusu askari wa mbele kuruka vyumba viwili katika hatua yake ya kwanza. Tajiri mmoja, Sir Umar Hayat Khan, alikiona kipaji chake akamchukua nyumbani mwake. Mwaka 1928 kijana huyo akawa bingwa wa India.

Mwaka 1929 walifika London. Hapo ilimlazimu azoee kanuni za Ulaya, na kushindana na watu waliosoma vitabu vya mchezo huo kwa miaka mingi. Hata hivyo, miezi michache baadaye, katika mji wa Ramsgate, alitwaa ubingwa wa Uingereza. Kama yuko aliyedhani ni bahati, alijibiwa: Sultan Khan alishinda tena London mwaka 1932, na Hastings mwaka 1933. Kabla ya hapo alikwisha kumshinda Capablanca wa Cuba, aliyepata kuwa bingwa wa dunia. Mwaka huo wa 1933 binti aitwaye Fatima, wa nyumba hiyo hiyo ya Sir Umar, alitwaa ubingwa wa wanawake wa Uingereza.

Mwisho wa mwaka 1933 Sultan Khan alirudi kwao, akaishi maisha ya shamba, akafariki mwaka 1966. Cheo cha juu kabisa cha wachezaji, kilichoanza kutolewa na chama cha sataranji cha dunia mwaka 1950, hakukipata maishani mwake. Alitunukiwa mwaka 2024.

Heshima hiyo iliwezekanaje baada ya miaka 90? Ni kwa sababu michezo yake iliandikwa, hatua kwa hatua, hata leo mtu aweza kupanga vipande na kuuona ufundi wake. Je, mafundi wa bao wa Likoni, Kisauni na Changamwe, ni nani aliyewaandika? Wangapi waliwashinda wenzao wote, na majina yao yakazikwa pamoja nao? Yafaa kijana ajuaye kalamu akae barazani na daftari, aandike tarehe, majina ya wachezaji na nani aliyeshinda. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.