Programu ya Kwanza

Maganzo, wilayani Kishapu mkoani Shinyanga, ni jirani wa Mwadui, mgodi wa almasi ambao John Williamson aliugundua mwaka 1940. Mtoto wa hapo husikia habari za karati, kipimo cha uzito wa almasi, kabla hajagusa kompyuta. Mwalimu wa kompyuta aanzie kwenye karati, basi.

Wengi huanzia kwingine: vizazi vya kompyuta, sehemu zake, maana ya programu. Mwanafunzi ananakili, anakariri, anajibu mtihani, na hajaandika programu hata moja. Hapo ndipo tunapowapoteza wanafunzi, nao wanaondoka wakiamini kuwa hawana kichwa cha kompyuta. Si kweli.

Chukua almasi ya waridi iliyotoka Mwadui, ikachongwa ikabaki karati 11.15, ikauzwa Hong Kong mwaka 2022 kwa dola milioni 57.7 hivi. Karati moja ni gramu 0.2. Kwa lugha ya Python:

karati = 11.15
bei = 57700000
print(karati * 0.2)
print(bei / karati)

Skrini inajibu: gramu 2.23 hivi, na zaidi ya dola milioni 5 kwa kila karati. Darasa litapiga kelele, liache lipige. Kisha uliza: mawe yakiwa ishirini, tuandike hivi mara ishirini? Hapo kitanzi cha kurudia kinahitajika. Na jiwe lisilofika karati moja likiwa na bei yake? Hapo sharti linahitajika. Kila dhana inakuja wakati mwanafunzi ameshaitafuta.

Chuo cha Harvey Mudd, California, kilibadili kozi yake ya kwanza mwaka 2006: kiliacha Java kikachukua Python, kikaleta maswali yanayogusa maisha, na wasiowahi kuandika programu wakapewa darasa lao, wasinyamazishwe na wenzao waliotangulia. Miaka michache baadaye, wanawake katika shahada ya kompyuta walipanda kutoka takriban asilimia 10 hadi kama 40. Jambo la kuwapa wanaoanza darasa lao nalipa uzito kuliko yote, maana hata Shinyanga mwenye kompyuta nyumbani ndiye anayenyoosha mkono kila swali.

Mashine zikiwa chache, waketi wawiliwawili: mmoja aandike, mwenzake akague, kisha wabadilishane. Mwalimu, ukipewa kipindi cha kwanza tu, mpe kila mwanafunzi nafasi ya kuandika mistari hiyo minne kwa mkono wake.